Mafuta ya Njia ya Tano na ya Sita

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu leo ili mje kumsindikiza mpendwa wetu, familia inawashukuru kwa kuja, na inaomba mtuvumilie kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, kwa sababu marehemu mwenyewe, tarehe 28 Aprili mwaka huu wa 2019, siku tano kabla ya kutuacha, aliagiza kwamba maisha yake yakisomwa yasomwe yote, pamoja na asubuhi moja iliyomtenga na mdogo wake kwa miaka zaidi ya kumi na mitatu, ambayo wengi wenu mmeisikia, lakini mmeisikia ya upande mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili wa baba fundi viatu na mama aliyefanya kazi kiwandani hapo kwa zamu, akitanguliwa na dada yake mkubwa, ambaye yuko hapa nasi, na akifuatiwa, baada ya miaka saba, na mdogo wake wa pekee, fundi umeme, ambaye wapenzi wa mchezo wa boling wanamjua zaidi kwa jina la Mkunjo. Mama alipokuwa zamu ya asubuhi, mtoto huyo aliachwa mikononi mwa marehemu, akambeba mgongoni, akamlisha, akamshika vidole na kumfundisha kutembea kwenye ujia mwembamba kati ya vyumba vile viwili, na hata walipokuwa watu wazima wenye familia zao, dada yao alikuwa akiwatania kwamba mmoja alizaliwa na mama na mwingine akalelewa na kaka.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 na kuimaliza mwaka 1970, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1972, akasomea useremala, akahitimu tarehe 29 Novemba 1974 akiwa wa kwanza katika somo la upimaji, na walimu wake waliandika kwenye cheti, ambacho alikitundika ukutani mpaka mwisho wa maisha yake, kwamba ni kijana msikivu, mwenye mkono mwepesi na macho yasiyodanganyika.

Kuanzia Februari 1975 alifanya kazi katika karakana ya samani, akitengeneza zaidi madawati na makabati ya ofisi, hadi Mei 1981, alipochukuliwa pamoja na wenzake watano kwenda kutandika sakafu za ukumbi mpya wa boling uliokuwa ukijengwa mwisho wa barabara ya stesheni, na kazi ilipokwisha wenzake wakarudi karakanani, yeye akabaki, maana mwenye ukumbi alimwona akipitisha kiganja juu ya mbao alizozitandika, ubao baada ya ubao, akamwuliza kama angependa kuzitunza. Akakubali, akazitunza kwa miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2016, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jina mlilomjua nalo, Fundi Njia.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia katika ukumbi huo, ni vyema tueleze kwa ufupi kazi yake ilikuwa nini. Mchezaji wa boling huviringisha tufe zito juu ya njia ndefu ya mbao ili liangushe pini kumi zilizosimama mwishoni, na njia hiyo, ambayo mtu akiitazama huiona ni sakafu tu inayong'aa, hupakwa kila asubuhi mafuta mepesi, mengi katikati na machache pembeni, tena hayafiki hadi mwisho, kwa hiyo tufe likipita penye mafuta huteleza, likifika pakavu hushika na kupinda. Mafuta hayo hayaonekani kwa macho, na kadiri watu wanavyocheza ndivyo matufe yanavyoyachukua, na njia iliyokuwa tamu saa nne huwa imebadilika tabia saa sita, na hapo mchezaji ana mambo mawili ya kufanya, ama asogeze miguu yake, ahame pale alipozoea kusimama na kuitafuta njia upya, ama amtafute fundi amlaumu.

Wengi walimtafuta fundi. Muuguzi mmoja aliapa kwamba njia ya tatu ilikuwa na chuki naye binafsi, mwalimu mkuu mmoja aliandika barua ya kurasa mbili kulalamika kwamba mafuta yanapakwa kwa faida ya wanaotumia mkono wa kushoto, na dereva mmoja wa gari la kubeba mchanga alikuja na kitambaa cheupe, akafuta tufe lake mbele ya watu, akakinusa kitambaa, akatangaza kwamba yale yalikuwa mafuta ya kupikia. Marehemu aliwasikiliza wote akiwa amesimama wima kama askari, akawaambia kwamba amesikia na kesho yake ataangalia, kisha kesho yake akapaka mafuta yaleyale, kwa kipimo kilekile, na wale wale waliolalamika wakampongeza kwa kurekebisha. Hakuwahi kuwacheka mbele yao. Nyumbani, ndiyo, alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini alimwambia mkewe kwamba mtu aliyeshindwa anahitaji mahali pa kuweka kushindwa kwake, na kwamba sehemu ya mshahara wake ilikuwa ni kuwa mahali hapo.

Mkewe huyo, aliyekuwa mpiga chapa katika idara ya maji, aliingia ukumbini na wafanyakazi wenzake mwaka 1981, akarusha tufe mara sita likaingia mferejini, kando ya njia, mara zote sita, na badala ya kulaumu njia akamfuata fundi kumwuliza kwa nini matufe ya wenzake yanapinda na lake halipindi, swali ambalo marehemu alilijibu kwa muda wa miezi kumi na minne, kwa kuwa walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1984, ambaye leo ni mfamasia, mtoto wa kiume wa tarehe 17 Agosti 1987, mpima ardhi, na kitinda mimba wa tarehe 5 Mei 1993, mwalimu wa hesabu, na wajukuu wanne ambao aliwapima urefu kila mwezi kwa penseli kwenye mwimo wa mlango wa jikoni.

Sasa tunafika mahali ambapo aliagiza tusiparuke.

Mdogo wake Mkunjo alianza kucheza boling mwaka 1983, kwa kuwa kaka yake alikuwa na funguo za ukumbi, na katika muda wa miaka michache hapakuwa na mchezaji mwingine aliyetazamwa kama yeye, kwa namna alivyolitupa tufe likaenda mpaka ukingo wa kulia, watu wakidhani limekwisha potea, kisha likajirudi kwa nguvu na kuzibomoa pini zote kumi. Lakini mrusho huo ulitaka ukingo mkavu, na ukumbi ule haukuwa na ukingo mkavu, kwa sababu kipimo cha mafuta kiliwekwa na kamati ya mchezo na marehemu alikifuata kama kiapo, na kwa miaka ishirini na zaidi Mkunjo alimlalamikia kaka yake, kwanza kwa utani, baadaye kwa uchungu, akisema pembeni pana mafuta kama kikaango, na kwamba yeye ni mtu pekee duniani anayefungwa na ndugu yake wa damu kabla hajavaa viatu. Marehemu alimjibu kama alivyowajibu wengine wote, kwamba amesikia.

Mwaka 2005 Mkunjo alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, kiuno kimeanza kumsumbua, na fainali ya tarehe 22 Oktoba mwaka huo, Jumamosi, kati yake na mzee mmoja karani wa mahakama aliyecheza taratibu na kwa kunyoosha, ndiyo ilikuwa ya kuamua nani ataingia kikosi cha taifa, na kila mtu alijua, na Mkunjo alijua kuliko wote, kwamba kwake nafasi nyingine haitakuja. Asubuhi ile, saa mbili kamili, ukumbi ukiwa mtupu, marehemu alipofika na mashine ya mafuta kwenye njia ya tano na ya sita, ambazo fainali ingechezewa, alisimama kwa muda mrefu, kisha akafungua kidirisha cha mashine, akapunguza mafuta ya ukingo wa kulia zaidi ya nusu. Alisema baadaye kwamba hakumwaza karani hata kidogo, alimwona tu mdogo wake kwenye ujia ule wa nyuma ya kiwanda, akinyoosha mikono.

Alipiga hesabu yake vizuri, maana hakujua kuipiga vibaya. Fainali ilikuwa ya michezo miwili, na mafuta machache kiasi kile yangevumilia michezo miwili, ukingo ungemshikia Mkunjo tufe lake, na baada ya hapo njia ingekauka na kufa, lakini baada ya hapo mashindano yangekuwa yamekwisha. Kisha, kama ilivyokuwa desturi yake kwa miaka yote, aliandika alichokifanya kwenye daftari lililoning'inia kwa kamba kando ya mashine, njia gani, mafuta kiasi gani, upande gani, kwa sababu hata siku aliyoamua kukosa hakuweza kuandika uongo.

Saa nne kasorobo, watu wakiwa wamejaa, mwenyekiti wa kamati alitangaza kwamba, kwa kuwa timu moja ya wageni haikufika na muda upo wa kutosha, fainali itakuwa ya michezo mitatu, na kwa adabu ya kazi akamgeukia fundi mbele ya wote.

"Fundi, njia zitavumilia michezo mitatu?"

Mashine ilikuwa nyuma yake, mafuta yalikuwemo, dakika kumi na tano zilikuwepo, na neno la kusema lilikuwepo, lakini njia iliyopakwa kwa kipimo cha kamati huvumilia michezo minne bila tabu, kwa hiyo kuomba kuzipaka upya kungekuwa ni kukiri, na kukiri kungemmwagia unga yeye na kumtia doa mdogo wake, ambaye hakuomba lolote siku ile na hakujua lolote.

"Zitavumilia," alisema.

Mchezo wa kwanza Mkunjo alipata 236, karani 198, wa pili Mkunjo 221, karani 204, na watu waliokuwepo, ambao baadhi yao tumekaa nao hapa, wanasema hawajapata kuona tufe likirudi vile. Mchezo wa tatu, kabla ya katikati, njia zilikufa. Tufe la Mkunjo lilishika mapema mno, likakata kona kabla ya wakati, likavuka upande wa pili na kuacha pini mbilimbili zimesimama mbalimbali, akarudi akaijaribu tena palepale, na tena palepale, akitikisa kichwa, akiwaonyesha watu sakafu kwa kidole, na karani naye akasogea kushoto mbao mbili, kisha tatu, kisha nne, akaongeza kasi kidogo, bila kumtazama mtu. Mkunjo alipata 147, karani 211, na kwa jumla ya michezo yote mitatu karani akashinda kwa alama tisa.

Mkunjo aliingia chumba cha mashine akiwa bado na viatu vya kuchezea, wenzake watatu wakiwa mlangoni, na hakupaza sauti, jambo ambalo marehemu alisema lingekuwa nafuu.

"Kaka, wewe si mtu wa kukosea. Kama njia imekufa mikononi mwako, umeiua."

Marehemu akajibu kwamba huenda alipima vibaya.

"Wewe? Hujawahi kupima vibaya hata chumvi," alisema mdogo wake, akatoka, na hayo yakawa maneno yao ya mwisho kwa miaka kumi na mitatu, miezi mitatu na siku ishirini na sita.

Katika miaka hiyo Mkunjo hakukanyaga ukumbi ule tena, akawa anasafiri saa nzima kwenda ukumbi wa mji mwingine, na huko nako aliyakuta mafuta mabaya, na kila alipoyalalamikia alimalizia kwa kusema kwamba lakini hao angalau si ndugu zake. Mama yao alipofariki, tarehe 11 Machi 2009, walibeba jeneza, mmoja mbele na mwingine nyuma, na maneno ya lazima yakapitia kwa dada yao, mwambie kaka yako, mwambie mdogo wako, mpaka dada mwenyewe akawauliza kama wamemfanya yeye simu. Binti wa marehemu aliolewa, kijana wa Mkunjo akaoa, na kila mara kiti kimoja kilibaki kitupu kwa heshima zote, kadi ikiwa imepelekwa na imepokewa. Marehemu aliyavumilia yote akiwa kimya kama maji mtungini, akiamini kwamba ni afadhali adhaniwe mwenye wivu kuliko mdogo wake adhaniwe mwizi, na mkewe, ambaye peke yake aliambiwa ukweli, alimwuliza zaidi ya mara moja kimya hicho kilikuwa kinamlinda nani, mdogo wake au yeye mwenyewe. Alikiri kabla ya kufa kwamba jibu la swali hilo alilikwepa, na kwamba ndilo lililomla.

Na daftari lilining'inia palepale, kando ya mashine, kwa miaka karibu kumi na moja mpaka alipostaafu na kuondoka nalo, likiwa wazi kwa yeyote, na kati ya mamia ya watu walioyalalamikia mafuta yake hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kulifungua.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Septemba 2017, akatibiwa katika hospitali ya wilaya, akahamishiwa hospitali ya rufaa tarehe 6 Novemba 2018, wodi ya nne, kitanda cha dirishani, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Hali ilipozidi kuwa mbaya, mkewe hakuomba ruhusa tena, alikwenda mwenyewe mpaka kwenye karakana ya Mkunjo, akamwambia shemeji yake kwamba asipokuja Jumapili asije kabisa, na Jumapili hiyo, tarehe 17 Februari 2019, saa tisa alasiri, Mkunjo alikuja, akakaa kwenye ncha ya kiti na kofia mkononi, na marehemu akamweleza yote, kuanzia kidirisha cha mashine hadi neno lile moja alilomjibu mwenyekiti.

Muuguzi alikuja akabadilisha chupa ya maji ya mgonjwa, akaondoka. Kisha Mkunjo akasema, "Ungeniambia wiki ile, ningekuchukia mwaka mmoja tu. Sasa hii iliyobaki nani atanirudishia, kaka?"

Marehemu akamwambia kwamba hakuna.

Mkunjo aliomba daftari, ambalo shemeji yake alikuwa amelileta, akatoka nalo kwenye ujia wa wodi, akausoma ukurasa wa tarehe 22 Oktoba 2005 akiwa amesimama, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akakivuta kiti karibu. Kuanzia siku hiyo alikuja kila Jumatano na kila Jumapili, kwa wiki kumi, na walikuwa kama wageni wanaojuana, kila mmoja ikibidi atajiwe umri wa wajukuu wa mwenzake, kazi za watoto, nani alihama na nani alifariki, na mara nyingi mmoja wao alianza kusema unakumbuka, kisha akanyamaza, kwa sababu kitu hicho kilitokea katika miaka ile na mwenzake hakuwepo.

Tarehe 28 Aprili marehemu alitoa agizo tulilolitaja, na akaagiza pia karani aombwe radhi kwa jina lake. Familia ilikwenda kwake mapema wiki hii, na tunamshukuru kwa moyo wake, maana alituambia kwamba tangu mrusho wa kwanza alijua ukingo wa kulia ulikuwa mkavu kupita kiasi, lakini alipokwisha kushinda hakuona angelalamika kwa nani. Marehemu alifariki dunia Ijumaa, tarehe 3 Mei 2019, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono mmoja na mdogo wake mkono wa pili.

Hatuna budi kusema kwamba juzi, tulipokaa kuiandika historia hii, dada yake mkubwa aliomba sehemu hiyo iachwe, kwa kuwa maiti haanikwi, na wengi wetu tukaelekea kukubali, maana ikisomwa haimwachii marehemu sifa ya kufuata kipimo, wala haimwachii Mkunjo ushindi ambao kwa miaka yote amewaambia watu kwamba alinyang'anywa. Mkunjo ndiye aliyesema isomwe, na akaomba liongezwe neno lake, nasi tunalisoma kama alivyolisema:

"Michezo miwili nilishinda kwa mafuta ya kaka yangu, na hilo sikulijua. Mchezo wa tatu njia ilikauka kwa wote wawili, kwangu na kwa karani. Karani alisogea. Mimi niliweza kusogea, nilifundishwa kusogea, na aliyenifundisha ni yeye huyu, lakini nilisimama palepale nikatafuta wa kumlaumu, na nikampata, na sikumwachia mpaka alipolala kitanda chake cha mwisho."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja na mdogo mmoja. Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi ya nne, hasa wale wa chumba cha kusafishia damu waliomwita baba, majirani waliopika, waliofua na waliolala nasi siku hizi zote, mwenye ukumbi na wafanyakazi wake waliofunga milango leo, na wachezaji wote, wa zamani na wa sasa, mliomlalamikia kwa miaka thelathini na mitano na bado mkaja.

Fundi, mume, baba, babu na kaka, umelisema ulilokuwa nalo na limesikika. Pumzika kwa amani uliyochelewa kuipata, nasi tuliobaki tutakumbuka kwamba ilichelewa.